Sukari Hii Haifuti Maneno

Kwetu Arua, kwenye harusi za Waislamu wa mjini, kitu hakiingii jikoni kimyakimya. Mlangoni mwa uwanja wa kupikia hukaa mama mmoja mwenye sauti, shuka kiunoni, na kila gunia la mchele, kila debe la mafuta, kila mbuzi anayevutwa kwa kamba husimamishwa mbele yake kwanza. Yeye hutangaza. Husema ni nini na kimetoka nyumba gani, wanawake walio kwenye masufuria hupiga vigelegele, ndipo kitu kinapita. Hadi hapo hakuna jipya, maana watu wengi hupenda zawadi zao zisikike. Jipya ni kinachofuata. Kama mleta zawadi ana ugomvi na nyumba ile, ugomvi nao hutangazwa, palepale, kwa sauti ileile.

Nakumbuka harusi moja mtaani kwetu. Alikuja jirani ambaye ukuta wake na wa wenye harusi ni mmoja, begani ana mfuko mkubwa wa sukari. Kila mtu alijua kwamba nyumba hizo mbili zinagombania mfereji wa maji machafu. Mama wa mlangoni akamsimamisha, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Sukari! Kutoka kwa jirani yetu ya ukuta! Sisi na yeye iko na maneno ya mfereji. Sukari hii hapana futa maneno!" Vigelegele vikapigwa. Jirani akaitikia kwa kichwa, akatua mzigo, akakaa kula pilau kama wengine. Wiki iliyofuata walikuwa kwenye mfereji tena, wanafokeana.

Wageni hudhani tunamwaibisha mtu. Si kweli, tunamlinda. Yeye halazimiki kununua amani kwa sukari, na mwenye harusi halazimiki kuiuza. Kuna kauli moja tu inayoweza kubadilisha mambo: aliyekosewa, na yeye peke yake, anaweza kujibu, "Imefuta." Hapo ugomvi umekwisha na hakuna ruhusa ya kuufufua. Mimi nimehudhuria harusi nyingi kuliko masheikh, na kauli hiyo nimeisikia kwa nadra sana.

Mama wa mlangoni siku ile alikuwa mama yangu mdogo, mdogo wake mama aliyenizaa. Kwa kuwa hii ni habari ya kutangaza, nami nitangaze langu mapema: nampenda, na ninachoandika hapa nakiandika nikiwa upande wake. Asije mtu akasema baadaye kwamba nilificha.

Watu humwita Hajati. Ni mfupi, ana duka la vitenge sokoni Arua, na hasira zake huja haraka na kuondoka haraka. Sauti yake haihitaji msaada wangu, jambo linaloniuma kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa spika. Ndiyo kazi yangu: nina spika, jenereta, maikrofoni na nyaya, nakodishwa harusini, kwenye mahubiri, kwenye mechi za timu ya Onduparaka na kwenye kampeni. Kampeni ndizo zinazonivusha mwaka. Vifaa vyangu vilikuwa vimezeeka. Jenereta langu lilikohoa kiasi kwamba mhubiri mmoja aliwahi kusimamisha maombi na kuliombea lenyewe.

Hajati alikuwa pia mwenyekiti wa chama chetu katika ukanda wetu, kutoka Arua hadi Koboko. Chama chetu ni kidogo. Viti vya mikutano tunaazima msikitini na kanisani kwa zamu, na turubai letu lina matundu ambayo kila mwanachama anayajua na anajua asikae wapi. Lakini tulikuwa na diwani mmoja katika baraza la mji wa Koboko, na baraza lile lilikuwa limegawanyika hivi kwamba kura yake moja iliweza kuangusha jambo au kulipitisha.

Miaka hii redio hazichoki na mjadala wa michango. Je, makampuni yaruhusiwe kuchangia vyama vya siasa kwa masharti, au yapigwe marufuku kabisa? Wataalamu hubishana kwa Kiingereza, mtangazaji hutafsiri kidogo, kisha muziki unarudi. Nami niliusikiliza kwa sikio la biashara tu. Wakipiga marufuku, nani atanikodisha? Wakiweka masharti, pengine nitakodishwa kwa masharti. Sikufikiri kwamba jambo hilo lina njia ya kufika nyumbani kwetu.

Likafika asubuhi moja, likiwa limevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa meneja wa kampuni ya malori, kampuni inayopitisha mizigo mpakani Oraba kwenda Sudan Kusini. Hakuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa na adabu: alivua viatu bila kuambiwa, akakaa kwenye mkeka wa dukani kwa Hajati, akanywa chai ya tangawizi hadi chini. Mimi nilikuwepo, nimemletea mama mdogo balbu. Akasema kampuni yake inapenda kazi ya chama chetu na ingetaka kutusaidia kwa kampeni: sukari, mchele, maji ya chupa, lori la kubebea watu. Halafu akaongeza, kama mtu aliyekaribia kusahau, seti mpya ya spika na jenereta lisilopiga kelele.

Niliwaza jinsi nitakavyoziegesha, kubwa chini, ndogo juu, na jinsi watu wa Koboko watakavyosikia sauti safi kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Hajati alikuwa akinitazama mimi, si meneja.

"Asante," akamwambia. "Na nyinyi iko na maneno gani na sisi?"

Meneja hakuelewa. Alidhani anaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hapana, ni upendo tu. Akaaga.

Lakini maneno yalikuwepo na Koboko nzima iliyajua. Kampuni ile ilikuwa imeomba baraza liipe kiwanja kilicho karibu na soko, kwa ajili ya kulaza malori yake. Ombi lilikuwa linasubiri kura. Na kiwanja kile ndicho wanawake wanachoanikia muhogo na kuuza unga, miaka nenda rudi. Mmoja wa wanawake hao ni mama yangu mzazi. Baba alipofariki, mama alikwenda kukaa pale chini ya kibanda cha mabati, na kutokana na muhogo ule mweupe tulisoma, tukavaa, tukaoa. Ukimtoa pale hana pengine pa kwenda, na anajua hivyo, na mimi nilijua hivyo nikiwa bado naziwaza zile spika.

Hajati akaita kamati uani kwake. Makamu wake alikuwa mwalimu mstaafu wa kutoka Vurra, karibu na mpaka, Mkristo, mtu mrefu mwenye kukunja shati mikono hata kwenye baridi. Wote tulimwita Mwalimu. Yeye na Hajati waliheshimiana sana, na sikumbuki siku waliyokubaliana upesi. Alipoeleza Hajati habari za meneja, Mwalimu hakungoja zamu yake.

"Hajati, hiyo kitu iko rahisi. Chama isikule kwa kampuni. Kabisa. Si sukari, si maji. Mutu akikula kwako, kesho namna gani atakuambia hapana?"

"Mwalimu, wewe unakaa Vurra," Hajati akasema. "Pale mpaka, wakisema kitu iko marufuku, hiyo kitu inakufa?"

Mwalimu akatazama pembeni. "Hapana kufa."

"Inapita wapi?"

"Njia ya panya."

"Basi! Tukifunga mlango, kampuni itaenda kwa bibi ya diwani na kusema iko mchango ya matanga. Itaenda kwa kijana yangu huyu hapa na kusema iko zawadi ya Idi. Sisi hatutaona. Mimi nataka ipite barabara kubwa, mchana, watu wote wanaona, na maneno yake inatangazwa juu, kama jikoni. Ikikataa kutangazwa, irudi kwao."

Watu wakashangilia. Nilidhani Mwalimu ameshindwa. Akasubiri watu wanyamaze.

"Sawa, Hajati. Na mimi nakuuliza. Kwa hiyo barabara kubwa, ule mutu anasimama pale kuangalia malori, yeye iko mwembamba?"

Uani pakalipuka kwa kicheko, na Hajati akacheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kila aliyewahi kupita mpakani anajua wakaguzi wetu walivyonawiri. Mwalimu alikuwa amemwambia kwa upole kwamba masharti huhitaji msimamizi, na msimamizi naye ana tumbo.

Walibishana hadi chai ikapoa. Sijawahi kusikia redioni mjadala mzuri kama ule. Mwalimu alisema maskini hawezi kupimana mdomo na kampuni, hivyo ni bora kampuni isiwepo mezani kabisa. Hajati alisema kampuni ipo mezani tayari, kinachobaki ni kuamua kama taa iwake au izimwe. Mwalimu akasema aibu humsaidia mwenye aibu tu. Hajati akasema kwamba asiye na aibu tutamjua mapema. Kila mmoja alipozungumza nilikubaliana naye, nikajichukia. Mikono iliponyanyuliwa, upande wa Hajati ulizidi kidogo. Mwalimu akasema, "Mimi nimeshindwa, lakini bado nakataa," kisha akauliza nani atapanga viti siku ya mkutano, akajitolea mwenyewe.

Mkutano ulifanyika Koboko, mchana, jirani na kiwanja chenyewe. Harufu ya muhogo ulioanikwa ilitujia kila upepo ulipogeuka. Wanawake wa unga walikuja wengi, mama yangu akiwa mstari wa mbele, amevaa vizuri kwa sababu dada yake ndiye mwenye mkutano. Walikuwepo wafanyabiashara wa Sudan Kusini walio na maduka pale, vijana wa bodaboda, mawakala wa forodha waliotoka Oraba kusikiliza. Lori la kampuni likaja limejaa. Meneja akashuka, akasalimia, akapewa kiti karibu na diwani wetu. Niliunganisha maikrofoni kwenye spika yangu ya zamani, huku zile mpya, bado ndani ya maboksi yake, zikinitazama kutoka kwenye lori.

Hajati akajifunga shuka kiunoni. Hapo wanawake wote walielewa, vikaanza vicheko vya chinichini. Akaenda kusimama nyuma ya lori, kama vile lile bodi ndilo mlango wa jikoni.

"Sukari!" akatangaza. "Mchele! Maji ya chupa! Spika mpya na jenereta! Na lori ya kubeba watu! Kutoka kwa kampuni ya malori ya Oraba!"

Vigelegele. Meneja akatabasamu, akainuka kidogo na kupunga mkono.

"Sisi na wao iko na maneno. Wao nataka hii kiwanja ya wamama, wao naomba kwa baraza. Vitu hii yote hapana futa maneno!"

Vigelegele tena, vikubwa zaidi. Na meneja, maskini, akapunga mkono tena. Alikuwa amesikia wanawake wanashangilia na kiwanja kikitajwa, akadhani wamekubali. Diwani akamnong'oneza. Nikaona tabasamu likikaa usoni mwake bila kujua liende wapi.

Lazima nimsifu mtu yule. Angeweza kuondoka. Aliomba maikrofoni, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Ni kweli. Tunakitaka. Malori yetu yanalala barabarani, madereva wanaibiwa, nanyi mnavuta moshi. Nilipaswa kusema hivyo siku ile dukani." Hakuna aliyekuwa ametegemea kampuni iseme shida yake kwa kinywa chake, na shida ile ilikuwa ya kweli, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ameshapita ubavuni mwa yale malori akizuia pumzi.

Nilidhani Hajati amemaliza. Nikaanza kuvuta waya. Akainua kidole.

"Bado! Huyu mwenye spika iko mtoto ya dada yangu. Yeye nataka hiyo spika mpya. Macho yake imelala ndani ya lori tangu asubuhi. Akisema kampuni iko mzuri, mujue inatoka wapi."

Koboko yote ikanicheka. Sikuwa na pa kujificha, maana mtu wa spika husimama mahali anapoonekana na wote. Nikainama nikajifanya natazama nyaya, na nikasikia wazi sauti ya mama yangu ikicheka kupita wengine.

"Na mimi mwenyewe," Hajati akaendelea, na hapa sauti yake ikashuka kidogo. "Mimi nasema kiwanja ikae kwa wamama. Lakini mujue. Ndani ya hiyo kiwanja iko kibanda ya dada yangu, wa tumbo moja. Pale, ya mabati, ya kwanza. Nikisema kitu ya kiwanja, mujue inatoka wapi."

Kicheko kikakatika. Hakuna vigelegele vilivyopigwa. Meneja alikuwa mtu wa adabu, lakini hakuwa mjinga. Akasimama, akasema kwa utaratibu kwamba basi mwenyekiti anapigania jamaa yake, na kwamba pengine asiwe yeye wa kulizungumzia jambo hili barazani. Alikuwa na haki, na Hajati akasema, "Kweli. Hapana mimi." Minong'ono ikaanza. Wanawake wa unga wakageuka kumtazama mama yangu, wengine kwa huruma, wengine kwa hasira, kwamba sasa kiwanja cha wote kimefanywa cha familia moja na kitapotea kwa ajili yake. Mama akavuta mtandio usoni, akainuka, akaondoka katikati ya mkutano.

Zilibaki zawadi kwenye lori, na ni Mwalimu aliyezipatia njia. Alisema hivi: "Sukari ikikuliwa, imeisha, hakuna mutu ataikumbuka. Spika inabaki. Lori inabaki. Kila siku unaamka, inakuangalia. Ya kukula tupokee, kwa sababu Hajati alishinda. Ya kubaki irudi, kwa sababu na mimi niko na haki kidogo." Wakakubaliana hapohapo, marufuku nusu na masharti nusu, bila mtaalamu hata mmoja. Kazi ya kuhakikisha maboksi yale yamefungwa vizuri kwa safari ya kurudi nilipewa mimi. Niliifanya. Jenereta lilikuwa jipya kabisa, bado lina karatasi lake la nailoni, na nililipapasa kidogo kabla ya kufunga kamba.

Jioni nilikwenda kwa mama. Alikuwa anakusanya muhogo wake kwa nguvu isiyohitajika.

"Yeye alitangaza mimi kama mbuzi," akasema. "Mbele ya watu. Wamama hapa wamenuna na mimi wote. Kiwanja ikienda, watasema iko sababu ya kibanda yangu."

Nikajaribu kumweleza: kama Hajati angeficha, kampuni ingejua tu, kisha ingelitoa jambo hilo siku ya kura na kuwaharibia wote. Mama akanitazama vile mama hutazama mtoto mwenye akili nyingi.

"Hiyo najua. Mimi hapana mjinga. Lakini yeye iko na simu. Hata kuniuliza, hapana?"

Niliporudi Arua nilimkuta Hajati amekaa peke yake dukani, hajafungua hata robota la vitenge. Nikamwambia maneno ya mama. Alilia waziwazi, bila kuficha uso. Akasema kwamba alichotangaza kilikuwa kweli na angekitangaza tena. Kisha akasema hajui kwa nini hakupiga simu, labda aliogopa dada yake angesema hapana, na angesema hapana angefanyaje. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba ule uwazi wake wote tunaoupenda humgharimu, na safari ile haikumgharimu yeye peke yake.

Wiki zile za kusubiri zilikuwa mbaya. Mama alikaa kibandani kwake na majirani hawakumwita kwenye chai. Siku ya kikao cha baraza, wananchi waliporuhusiwa kuzungumza, Hajati alikaa kiti cha nyuma, mikono imelala mapajani, mdomo umefungwa. Sikuwahi kumwona hivyo. Aliyesimama ni Mwalimu. Alimwomba meneja ruhusa ya kumuuliza maswali.

"Malori yako inalala wapi leo?"

"Barabarani, Mwalimu."

"Wamama wakitoka kwa kiwanja, watauza wapi?"

Meneja akafikiri. "Nadhani barabarani."

"Sasa tunatoa malori kwa barabara, tunaweka wamama. Hiyo barabara tumeisaidia namna gani?"

Wengine walicheka, lakini Mwalimu hakucheka. Aliwaomba madiwani waitafutie kampuni mahali pa kweli, kwa sababu shida yake ni ya kweli. Diwani wetu akapiga kura upande wa wanawake, kiwanja kikabaki. Malori yakapewa eneo lenye mawe nje ya mji, kwenye barabara ya Oraba, ambako muhogo usingekubali kukauka wala mtu kukaa. Nje ya ukumbi Mwalimu akamwambia Hajati, "Kama tungebaki na ile spika, mimi leo ningepata mdomo?" Hajati akamjibu, "Na kama hatungetangaza, ungejua kuna kitu ya kusemea?" Hadi leo hakuna aliyemjibu mwenzake.

Mama alipata kiwanja chake, lakini yeye hakumrudia dada yake. Idi ile hakuja Arua. Nilitumwa na Hajati kumpelekea nyama, mama akaipokea, akaigawa yote kwa majirani walioanza kumsemesha tena, yeye mwenyewe hakuonja. Hajati alipiga simu na mama aliongea naye kama mtu anavyoongea na ofisi. Ndugu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni, na mimi katikati nabeba salamu ambazo hazikuwa na kitu ndani. Ilinichosha na ilinihuzunisha.

Ndipo Hajati akaoza binti yake wa mwisho. Kwa kuwa harusi ni ya nyumba yake, angeweza kumpa mtu mwingine kazi ya mlango. Alikataa, akajifunga shuka. Mimi nilikuwa pembeni na jenereta langu likikohoa. Vitu vikaanza kuingia. Mwalimu akafika kutoka Vurra na majogoo wawili amewabeba kichwa chini.

"Kuku ya Mwalimu!" akatangaza Hajati. "Sisi na yeye iko na maneno. Yeye nataka tufunge mlango kabisa, mimi nataka tufungue tutangaze. Kuku hii hapana futa maneno!"

"Hapana futa kabisa!" Mwalimu akaitikia kwa furaha, na vigelegele vikapigwa mpaka majogoo wakapigana na mikono yake.

Halafu nikamwona mama. Sikuwa nimejua kwamba anakuja. Alikuwa ameshuka kutoka Koboko na gunia la unga, kijana wa bodaboda amelibeba nyuma yake, na alisimama kwenye mstari kama mgeni yeyote, akingoja zamu. Alipofika mlangoni hawakusalimiana. Hajati alilitazama gunia kwa muda mrefu kuliko gunia linavyostahili.

"Unga ya muhogo," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani apewe maikrofoni, kwa sababu sauti haikutoka. Akaanza tena. "Unga ya muhogo! Kutoka Koboko, kutoka kwa ile kiwanja. Dada yangu wa tumbo moja ameleta. Yeye iko na maneno na mimi. Mimi nilitangaza yeye mbele ya watu, na hapana uliza yeye kwanza. Makosa iko yangu. Unga hii..."

Masufuria yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyakoroga.

"Unga hii hapana..."

"Imefuta," mama akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia kumwambia mteja bei. Kisha akainama, akashika ncha moja ya gunia, akamngoja dada yake ashike nyingine.